Kijiba: Mwiba Mdogo wa Mguu na wa Roho

 

Neno letu la juma hili ni kijiba. Tumelichagua kwa sababu mwezi uliopita tulikuwa katika miji ya Thika na Ruiru, ambako wengi wenu mna mabinti walioolewa, wana walioajiriwa na jamaa waliohamia zamani, na katika darsa za kina mama tulilisikia neno hili mara nyingi kuliko tunavyolisikia hapa kwetu pwani. Lilitumiwa kwa mwiba wa kwenye ua, lilitumiwa kwa mchomo wa miguuni, na lilitumiwa kwa husuda ya jirani. Maana hizi tatu ni ndugu wa tumbo moja, lakini ndugu nao hukosewa majina. Na tuliyoyaona huko yametuonyesha kwamba kukosea baina ya maana hizi si kosa la sarufi tu. Huweza kumgharimu mtu ujirani wake, na huweza kumgharimu kiungo cha mwili wake.

Asili ya neno

Tuanze na umbo lake. Kiswahili kina desturi ya kudogosha majina kwa kuyavika ki- na -ji-. Mto ukiwa mdogo huitwa kijito, na mti ukiwa mdogo huitwa kijiti. Mwiko wa kusongea, ukifanywa mdogo, ndio ule kijiko tunachokorogea chai, ingawa leo hatukumbuki tena kwamba kijiko ni mtoto wa mwiko. Kwa njia hiyo hiyo mwiba huzaa kijiba, na wingi wake ni vijiba.

Mwiba wenyewe ni neno lenye familia pana. Ni ncha kali ya mti. Ni mfupa wa samaki unaomkwama mtoto kooni. Ni mkuki mdogo wa nyuki na wa nge. Kinachokusanya vyote hivi ni jambo moja: kitu chembamba kinachoingia mahali padogo na kuleta maumivu makubwa kuliko umbo lake. Ndiyo maana wazee wetu walilipenda neno hili katika methali zao, wakasema kwamba mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Kijiba basi ni mwiba katika udogo wake wa mwisho: ule usioonekana ila kwa kupinda mguu penye mwanga, na usiotoka ila kwa sindano na subira ya mama.

Vijiba vya Thika na Ruiru

Anayetoka pwani na kufika huko hukutana na miiba mipya. Sisi twaijua ya mkunazi, ya mlimau na ya mgunga. Huko, nyua nyingi za mashamba na za nyumba za zamani ni za kayaba, mti uliotoka kusini mwa Afrika, wenye matunda madogo ya manjano yaliyo makali kwa uchachu na miiba mirefu iliyo imara kama msumari. Ua wa kayaba ukishikana hapiti mbuzi wala mwizi. Na mpira wa watoto ukirukia humo ndio mwisho wake.

Kisha kuna mananasi. Ukitoka Thika utayaona mashamba ya kampuni ya Del Monte yakienda mpaka macho yachoke. Aina iliyojulikana zaidi kwa nanasi la makopo ni ile iitwayo Smooth Cayenne, ambayo ubavu wa jani lake ni laini kuliko wa mananasi mengine; hata hivyo ncha ya jani imebaki kali, na afanyaye kazi humo bila ya glavu na nguo nzito hurudi nyumbani na mikono iliyochanjwachanjwa.

Na kuna thabai, mboga ambayo mgeni wa pwani huishangaa. Ni majani yenye vinywele vidogo mno, kila kimoja kikiwa kama sindano yenye tundu ndani. Ukiyagusa, ncha za vinywele hivyo hukatika na kumwaga ndani ya ngozi maji yanayowasha na kuchoma. Lakini mama wa Kikuyu huyachuma kwa uangalifu, huyachemsha, na moto ukishayapitia hayachomi tena. Huyaponda pamoja na viazi na mahindi, na watoto wakala wakashiba. Tuliketi kwenye sinia hiyo, nasi twashuhudia kwamba ni chakula kizuri. Humo mna funzo la kwanza la juma hili: si kila chenye kuchoma ni adui. Kayaba ikisimama penye mpaka ni ulinzi. Ikiangukia njiani ni madhara. Thabai mbichi ni adhabu. Ikipikwa ni riziki.

Uislamu umelitazama jambo la mwiba wa njiani kwa uzito ambao huenda tukaudharau. Katika Hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) alisimulia habari ya mtu aliyekuta tawi la miiba njiani akaliondoa, na Mwenyezi Mungu akaikubali amali yake hiyo na kumsamehe. Tena tumefunzwa kwamba imani ina matawi sabini na kitu, na kwamba tawi lililo chini kabisa ni kuondoa chenye kudhuru njiani. Na kwa yule aliyekwisha kuchomwa ipo bishara: Muislamu hapatwi na uchungu, hata wa mwiba unaomdunga, ila Mola humfutia kwa huo katika makosa yake.

Bishara hiyo, hata hivyo, haina maana kwamba mwiba uachwe mguuni. Kina mama, kijiba kilichotoka kwenye udongo wenye samadi chaweza kuingiza pepopunda mwilini, ugonjwa unaokaza taya na kuua. Mtoto aliyechomwa aoshwe kwa maji safi na sabuni, kijiba kitolewe, na akiwa hakukamilisha chanjo zake apelekwe zahanati siku hiyo hiyo. Na mama mjamzito asikose chanjo ya pepopunda anayopewa kliniki, kwani humkinga yeye na humkinga mtoto wake mchanga.

Mchomo usio na mwiba

Tuje kwenye maana ya pili. Mtu husema ana vijiba miguuni ilhali hakukanyaga mwiba wowote. Ngozi ni nzima, hakuna damu wala uvimbe, lakini ndani yake anahisi kama anayedungwadungwa kwa sindano nyingi ndogo. Lugha yetu ni tajiri hapa, na yafaa tuyatenge maneno yake, kwa sababu daktari hutibu kwa kusikiliza neno la mgonjwa.

Ganzi ni kukosa hisia. Ukikaa kitako kwenye mkeka muda mrefu katika darsa, mishipa ya fahamu ya mguu hubanwa, na mguu hufa ganzi. Ukiunyosha, mishipa huamka kwa fujo, na hapo ndipo vijiba hukimbia kutoka wayo mpaka gotini. Hali hii hupita kwa dakika chache na haina ubaya. Kuwasha ni kule kunakokutaka ujikune, kama kwa upupu au kwa mbu. Kuwaka moto ni jambo jingine, na kutambaliwa kama na sisimizi ni jingine tena. Kisha kuna kusisimka, ambako hutokana na baridi, hofu au utukufu wa jambo. Hapo laika, yaani vile vinywele vyembamba vya mwilini, husimama; na kwa kuwa wingi wa laika ni malaika, watoto hucheka wanaposikia mtu akisema malaika yamemsimama mkononi. Msisimko huu umetajwa katika Kitabu kitukufu, katika Sura Az-Zumar, pale Mola anapowaeleza wenye kumcha kwamba ngozi zao husisimka kwa maneno Yake, kisha ngozi na nyoyo zao hulainika. Huo ni msisimko wa rehema, na tunamwomba Mwenyezi Mungu asitunyime.

Lakini vijiba vya miguu yote miwili, vinavyokuja kila usiku, visivyoondoka kwa kunyosha mguu, na vinavyopanda polepole juma baada ya juma, si vya rehema wala si vya mkeka. Hiyo ni barua kutoka ndani ya mwili, na barua hutakiwa isomwe.

Kijiba cha roho

Maana ya tatu ndiyo iliyo maarufu zaidi katika midomo yetu. Mtu akikereka kwa neema ya mwenzake, husemwa ana kijiba cha roho, na wengine husema kijiba cha moyo. Liko pia neno kijicho, ambalo limetokana na jicho, na kwa mazoea tunayatumia mawili haya kama kwamba ni kitu kimoja. Lakini tazameni hekima ya waliotuachia lugha hii. Kijicho hutazama nje: ni jicho dogo linaloangalia sahani ya jirani. Kijiba kiko ndani: ni mwiba, na mwiba humchoma aliyenao. Jirani aliyejaaliwa gari jipya analala usingizi wake. Anayepinduka kitandani ni yule mwenye kijiba. Kwa hiyo neno lenyewe limekwisha kutuambia kwamba hasidi ni mgonjwa kabla ya kuwa adui.

Wanachuoni wametenganisha husuda na ghibta. Husuda ni kutamani neema imwondokee mwenzako. Ghibta ni kutamani nawe upate mfano wake bila ya yeye kupungukiwa, na hiyo haina lawama; bali imepokewa kwamba watu wawili wanastahiki kuonewa tamaa ya kheri: aliyepewa mali akaitumia katika haki, na aliyepewa elimu akaifanyia kazi na kuifunza. Kijiba cha roho ni ile ya kwanza, nayo haianzi ikiwa kubwa. Huanza kwa kusikia habari ya harusi ya binti wa fulani na moyo ukasita kabla ya ulimi kusema mabruki. Kule kusita ndiko kijiba. Kikitolewa siku hiyo, hakuachi alama. Kikiachwa, hutunga usaha: huwa ghiba, kisha huwa uzushi, kisha huwa fitina ya ukoo.

Namna ya kukitoa inajulikana, ingawa ni chungu kama sindano. Mwombee baraka kwa jina lake yule uliyemwonea. Mtangulie kwa salamu. Mpelekee kitu, hata kama ni sahani ya mahamri, kwani zawadi hulainisha vifua. Na usiyasimulie mema yake kwa kuyatilia "lakini" mwishoni.

Zinapochanganywa maana mbili

Sasa tufike kwenye lililotufanya tushike kalamu. Katika mji wa Ruiru kuna mama mmoja wa makamo, mwenye asili ya pwani, anayeuza mahamri, mbaazi na viazi karai karibu na nyumba za kupanga anamoishi. Ametupa idhini ya kusimulia habari yake kwa sharti la kutomtaja, naye amesema huenda ikamfaa mwanamke mwenziwe.

Siku moja jirani yake wa mlango wa pili, ambaye naye hufanya biashara ndogo, alimwambia: "Mama, siku hizi masufuria yako hayalali, wauza sana!" Hakuongeza neno la baraka. Usiku wa siku chache baadaye mama huyu akaanza kuhisi vijiba nyayoni. Akayaunganisha mambo mawili akapata la tatu: jirani ana kijiba cha roho, na kijiba chake ndicho hiki kilichoniingia miguuni.

Tangu siku hiyo salamu zikakatika. Watoto wa nyumba mbili waliokuwa wakila pamoja wakakatazwa kuvukiana mlango. Mama akasomewa, akanywa kombe, akapaka mafuta yaliyosomewa, na kila alipohisi mchomo alizidi kuwa na yakini na dhana yake. Miezi saba ikapita. Vijiba vikapungua, naye akashukuru akidhani amepona. Kumbe hisia ndizo zilizokuwa zikiondoka. Ukaja mwezi wa Julai, ambao baridi yake Ruiru mtu wa pwani huijua kwa mifupa. Akaota moto, miguu ikiwa karibu na jiko la makaa, na hakuhisi kwamba anaungua. Binti yake ndiye aliyeyaona malengelenge asubuhi, akapiga kelele.

Hospitalini walipima damu wakakuta sukari imepanda sana. Ugonjwa wa kisukari ulikuwa naye kwa muda ambao hakuna aliyeujua. Kidonda kilitibiwa kwa majuma mengi, na kidole kimoja cha mguu hakikuokoka.

Wasomaji wetu, tusimcheke mama huyu na wala tusimlaumu. Jicho ni haki, hivyo ndivyo ilivyopokewa katika Hadithi sahihi, na kusoma Qur'ani kwa ajili ya shifaa ni sunna tunayoifuata na kuifunza. Lakini Mtume yule yule (S.A.W.) aliyetufunza kujikinga na jicho ndiye aliyetuamrisha kujitibu, akitufahamisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia dawa. Na Kitabu kile kile chenye Sura Al-Falaq, tunayojikingia na shari ya hasidi, kina Sura Al-Hujurat inayotuonya tujiepushe na dhana nyingi, kwa kuwa baadhi ya dhana ni dhambi. Kujikinga kwa Mola dhidi ya hasidi ni ibada. Kumtaja fulani binti fulani kuwa ndiye hasidi, bila ya ushahidi ila mchomo wa wayo, ni dhana. Anayekusomea akikupa jina la jirani, basi ametoka katika kusoma akaingia katika mlango mwingine.

Kusomeka kwa barua ya mwili

Tumeuliza wataalamu wa afya, nao wametueleza hivi. Sukari ikikaa juu katika damu kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu, na mishipa iliyo mirefu kuliko yote, ile inayofika nyayoni, ndiyo huumia mwanzo. Ndiyo sababu vijiba huanza vidoleni, huja miguu yote miwili pamoja, na huzidi usiku. Baadaye huja ganzi, na ganzi ndiyo hatari zaidi, maana mguu usiohisi hauwezi kujitetea. Mwiba wa kayaba huingia na kukaa siku tatu bila ya mwenyewe kujua.

Kipimo ni tone la damu. Kikichukuliwa asubuhi kabla ya kula kitu na kikafika 7.0 au zaidi kwa hesabu ya milimoli kwa lita, na kikarudiwa kikawa hivyo, hicho ni kisukari. Walio Thika wanayo hospitali ya Thika Level 5, na vituo vya afya viko Ruiru pia. Hakuna haja ya kungoja safari ya Mombasa.

Si kila vijiba ni vya sukari. Mama mjamzito aweza kuhisi vijiba vya vidole vya mkono kwa kubanwa mshipa penye kiwiko cha kiganja, navyo aghalabu huondoka baada ya kujifungua. Anayetumia dawa za kifua kikuu, hususan ile ya isoniazidi, aweza kuvipata, na ndiyo sababu hupewa vitamini B6 pamoja nayo; asiache dawa, bali amwambie daktari. Aliyetumia metformini kwa miaka mingi aweza kupungukiwa na vitamini B12. Lakini ganzi au udhaifu unaokuja ghafla upande mmoja wa mwili, uso ukapinda au ulimi ukawa mzito, huo si wa kungojea kuche: ni wa kukimbizwa hospitali saa ile ile.

Na sisi Waislamu tumepewa nafasi ambayo wengine hawana. Kila siku tunaiosha miguu yetu katika udhu, na sunna ni kupitisha vidole vya mkono baina ya vidole vya mguu. Mwenye kisukari na aufanye udhu wake kuwa ukaguzi: aangalie wayo, atazame baina ya vidole, na asiyeweza kuinama amwombe mwana au mjukuu amtazamie. Akaushe vizuri kwa kitambaa. Maji ya moto ayajaribu kwa kiwiko, au ajaribiwe na mwingine, asiyajaribu kwa mguu. Asitembee pekupeku, hata uani. Asiuelekeze mguu kwenye jiko. Sugu asizikate kwa wembe. Na kabla ya Ramadhani kuingia amwone daktari wake kuhusu saumu na saa za dawa, kwani dini yetu imempa mgonjwa ruhusa, na kukubali ruhusa ya Mola ni utiifu.

Neno lisitumike kama silaha

Lipo jambo jingine tulilolisikia huko, na bila shaka hata hapa kwetu lipo. Neno kijiba limegeuzwa ngao ya kukataa nasaha. Shangazi akimwonya binti kuhusu mkopo wa riba, huambiwa ana kijiba. Wifi akiuliza hesabu za chama, huambiwa ana kijiba. Mama mkwe akisema mtoto anakohoa mno apelekwe hospitali, ni kijiba tu. Tukifika hapo, neno limekwisha kuwa ugonjwa kuliko ule linaoutaja, kwa sababu limeziba sikio. Kumbukeni thabai: kuna maneno yanayochoma yakiwa mabichi, lakini ukiyapitisha kwenye moto wa subira hukuta ndani yake chakula.

Imepokewa katika vitabu vya tafsiri kwamba Sayyidna Umar (R.A.) aliuliza juu ya ucha Mungu, akaulizwa naye kama amewahi kupita njia yenye miiba, na alifanya nini. Akajibu kwamba alikusanya nguo zake akajitahidi. Akaambiwa, basi huo ndio ucha Mungu. Angalieni kwamba mpita njia huyo hakushughulika kuhesabu ni nani aliyepanda miiba ile. Alishughulika na nguo zake na miguu yake.

Kwa hiyo nasaha yetu ni nyepesi. Ukihisi vijiba mwilini, uliza kwanza habari za mwili wako: soma, omba, na uende ukapimwe. Ukihisi kijiba rohoni, uliza kwanza roho yako kabla ya kuzituhumu roho za wenzako. Na ukisifu cha mwenzako, tanguliza masha Allah na umwombee baraka, ili umfungie shetani mlango wa dhana. Lau jirani wa Ruiru angelisema maneno hayo mawili, huenda yote yale yasingelikuwa.

Mama yule sasa hutembea kwa viatu vilivyofunika vidole na hupimwa sukari yake kila mara. Alipopata nguvu ya kusimama, alikwenda mlango wa pili kuomba radhi. Jirani alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia: "Na mimi miezi yote hii nikidhani wewe ndiye mwenye kijiba nami." Wakalia wote wawili. Watoto wao, ambao hawakuwa na kijiba chochote, walikuwa wamekwisha kurudi kucheza siku nyingi kwa siri.

Mwenyezi Mungu ametueleza katika Sura Al-Waqi'a kwamba miongoni mwa miti ya watu wa kuliani Peponi ni mkunazi usio na miiba. Na katika Sura Al-Hijr ametueleza kwamba ataziondoa chuki zilizomo vifuani mwao, wawe ndugu wanaoelekeana. Miiba ya mti na miiba ya kifua, zote mbili huondolewa kwa watu wa nyumba ile. Tunamwomba Mola wetu atuondolee ya vifuani tungali hapa duniani, awaponye wagonjwa wetu, ahifadhi viungo vyetu mpaka sijida yetu ya mwisho, na azikusanye nyumba zetu kwa salamu.

Juma lijalo, inshallah, tutalitazama neno sugu, la kwenye paji la uso na la kwenye moyo. Wabillahi tawfiq.